Mtungi wa Wacheza Kamari

Tulimwacha Gustave ameinama juu ya kigoda, kiganja kimefunika kifupa cha mbuzi, kofia ya chuma imemmeza kichwa chote, mapaja nje. Mlango ukafunguka. Victoire akasimama kizingitini.

Tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Victoire amewasikia, hajawasikia? Msomaji mmoja ameniita katili. Mwingine ameuliza kama gazeti linanilipa kwa kila mlango ninaoufungua na kuuacha wazi. Haya basi, tuingie ndani, baridi isije ikatuua sote.

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Victoire ni mfinyanzi, mzaliwa wa Lubumbashi, na karakana yake iko Jeppestown, hapa Afrika Kusini, juu ya kilichokuwa kiwanda cha magodoro. Kasino moja mpya imemwagiza mtungi mkubwa wa kuwekwa mlangoni, mtungi wa namna ya Wagiriki wa kale: udongo mwekundu, picha nyeusi, mashujaa wawili wameegemeza mikuki begani, wamepumzika vita, wanacheza kamari. Wagiriki waliipenda sana picha hiyo, wakaichora tena na tena. Kasino nayo imeipenda, maana inamnong'oneza mteja: njoo tu, hata mashujaa walicheza.

Mashujaa hawapatikani ovyo Jeppestown. Victoire aliwachukua waliokuwa karibu. Wa kwanza ni Gustave, fundi cherehani wa chumba cha chini, mtu wa miaka arobaini na ushee na kitambi cha heshima. Wa pili ni Pitchou, kijana kutoka Bukavu, mlinzi wa ghala la jirani, mwenye mabega ya kuzibia mlango.

Wote wawili wanampenda Victoire. Ndipo wakapata wazo ambalo hupatikana wanaume wawili wakikaa muda mrefu bila suruali: kwa kuwa vifupa viko mkononi, kwa nini wasivirushe kweli? Atakayeshinda ndiye atakayemwambia Victoire yaliyo moyoni. Atakayeshindwa atafunga mdomo hadi kaburini.

Kifupa cha kifundo cha mbuzi kina pande nne. Zile mbili pana ni tatu na nne. Zile mbili nyembamba ni moja na sita. Pitchou alirusha, akapata nne. Gustave akarusha, akafunika. Alihitaji sita.

Kiganja chake kilikuwa kimeshamwambia ukweli. Upande mpana. Tatu.

"Musisogee!" Victoire akapaza sauti.

Gustave akaganda. Pitchou akaganda. Victoire akatupa mkoba wake sakafuni, akavuta karatasi kubwa, akanyakua kipande cha mkaa.

"Hivyo hivyo! Papa Gustave, usiinue hata pua!"

Pua yenyewe haikuonekana. Kofia ile ilikatwa na fundi wa kunyoosha bodi za magari kutoka kwenye gizeri, tangi kuukuu la kuchemshia maji, na kishungi chake kilikuwa ufagio. Kwenye picha ya Kigiriki shujaa mmoja huvaa kofia na mwenzake huwa kichwa wazi. Gustave aliigombea kofia siku ya kwanza kabisa. Alisema inampa hadhi. Kusema kweli, ilimfichia kipara na kidevu cha pili kwa mkupuo mmoja.

"Wiki zote hizi munanikalia kama watu wa picha ya pasipoti," Victoire akasema, mkono wake ukikimbia juu ya karatasi. "Leo ndiyo mara ya kwanza naona watu wawili wenye kitu cha kupoteza. Munachezea nini?"

"Chai," akajibu Gustave kutoka ndani ya kofia.

"Mandazi," akajibu Pitchou papo hapo.

Wakatazamana.

"Chai na mandazi," Gustave akasema.

"Mutu hatoki jasho namna hiyo kwa ajili ya mandazi," akasema Victoire, akaendelea kuchora.

Hakusikia! Moyo wa Gustave ukatua. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Kisha goti. Kisha nzi mmoja akatua juu ya paja lake la kushoto, akaanza kutembea kama mpangaji anayekagua nyumba. Gustave alikuwa ameyapaka mapaja yale mafuta asubuhi, ili misuli ionekane. Misuli haikuonekana. Mapaja yaling'aa tu kama sambusa.

Hakuthubutu kumfukuza nzi. Kama kuna siku Gustave alijiona mjinga, ni siku ile. Na wala hakuwa mgeni wa siku kama hizo.

"Bon," akasema Victoire baada ya muda. "Sasa namba. Kwenye ile mitungi ya zamani, wachoraji walikuwa wanaandika maneno kando ya midomo ya wachezaji. Kila mutu anataja alichopata. Mimi pia nataka namba za kweli. Pitchou?"

"Nne," akasema Pitchou, kifua mbele.

"Papa Gustave?"

Kiganja kikazidi kukandamiza kifupa.

"Papa Gustave, inua mukono."

Hapa, wasomaji wangu, ningependa kuwaambia kwamba Gustave alikumbuka mafundisho ya kanisani, akavuta pumzi, akasema tatu. Ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini kidole chake kidogo hakikunisubiri. Kilijikunja polepole, kikaingia chini ya ukingo wa kifupa, kikakisukuma. Kifupa kikasimama ubavu.

Gustave akainua mkono.

"Sita," akasema. Ndani ya lile bati sauti ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia tangini.

Pitchou akakitazama kifupa. Akamtazama Gustave. Akakitazama tena kifupa.

"Mukubwa," akasema taratibu, "mimi sikusikia kikianguka hivyo."

"Tangu lini vifupa vikasema?"

"Vya leo vimesema."

"Muache kelele," akasema Victoire. "Nimemaliza. Mukuje muone."

Gustave akanyanyuka, magoti yakilia, akasogea. Akajiona kwenye karatasi, na kwa muda mfupi sana alifurahi. Alikuwa shujaa hasa! Mgongo wa shujaa, mkuki wa shujaa, kitambi kimegeuzwa kuwa mkunjo mzuri wa joho.

Kisha macho yake yakashuka hadi mkononi.

Kidole kidogo kilikuwa pale. Kimejikunja. Kimeingia chini ya kifupa, kama mkia wa panya unaoishia chini ya kabati.

"Mimi nachora ninachoona," akasema Victoire.

Pitchou akainama, pua ikakaribia kugusa karatasi. "Umeniibia, mukubwa."

Gustave alitafuta uongo. Kwa kawaida haukuwa mbali naye. Safari hii alipapasa huku na huku, akakuta mfuko mtupu.

"Ilikuwa tatu," akasema.

"Tatu!" Victoire akapiga paja. "Kwenye mutungi wa zamani, ule mashuhuri, ndivyo wanavyosema. Huyu nne, huyu tatu. Mungeiacha, ingekuwa picha ileile! Umeiba kwa ajili ya mandazi?"

Chini barabarani honi ya teksi ililia, ikapita.

"Kwa ajili yako," akasema Gustave.

Mkaa ukavunjika mkononi mwa Victoire.

"Rudia."

Gustave akarudia. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuzama, akaona azame vizuri: akaeleza makubaliano yote, nani angesema, nani angenyamaza, nani angefika kaburini na siri. Kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa la kipuuzi. Lilikuwa na maana kubwa sana dakika chache kabla, walipokuwa wawili.

"Yaani munanichezea kamari," akasema Victoire kwa sauti ya chini. "Mimi. Kama kuku wa bahati nasibu ya parokia."

"Hapana, hapana! Si wewe. Aliyeshinda angepata tu ruhusa ya kukuambia."

"Ruhusa ya nani?"

Gustave akamgeukia Pitchou amsaidie, maana mwenzako katika ujinga ni mwenzako. Pitchou alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Mukubwa," akasema kijana yule, "mimi nilishamwambia."

"Ulishamwambia nani?"

"Victoire. Wakati wa Pasaka. Nilivaa suti, ile uliyonishonea wewe."

Gustave akahisi kofia inambana zaidi. Suti ile! Aliikaza kiuno kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia kijana, nenda, hakuna mwanamke atakayekukatalia.

"Halafu?"

"Akanikatalia," akasema Pitchou. "Kwa heshima. Nikanywa chai, nikarudi kazini."

"Sasa leo umecheza kwa nini?"

Pitchou akainua mabega yake mapana. "Nilitaka nikushinde hata kitu kimoja. Na nimekushinda, eish, ukaiba!"

Victoire aligeukia dirishani ghafla. Mabega yake yakawa yanatikisika. Gustave alidhani analia, akapiga hatua moja kumbembeleza, akakanyaga ncha ya joho lililoning'inia mgongoni, akaanguka na mkuki wake. Mkuki wenyewe ulikuwa fimbo ya pazia.

Ndipo akamsikia Victoire vizuri. Alikuwa anacheka hadi pumzi zinamwishia.

"Hodi!" ikaita sauti kutoka kwenye ngazi. "Wenyewe mpo?"

Aliyeingia alikuwa Suzan, mwanamke mrefu mwenye viatu vya bei, ndiye anayeinunulia kasino mapambo yake yote. Baba yake ni wa hapahapa Afrika Kusini. Alikwenda uhamishoni enzi za mapambano, akaoa Morogoro, akarudi na mke na watoto wanaozungumza Kiswahili kuliko Kizulu. Suzan akamtazama Gustave pale sakafuni, mafuta yakimeremeta.

"Jamani," akasema, "nimekuja wakati mbaya?"

"Umekuja wakati wake, dada Suzan," akasema Victoire, akijifuta machozi. "Mchoro ndio huu."

Suzan akausogelea. "Victoire," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hii ni kazi. Hawa watu wanapumua. Kila mtu atakayepita mlangoni atasimama aulize kuna nini juu ya hicho kigoda." Kisha akainamia karatasi. "Huyu mwenye kofia, kidole chake kinafanya nini?"

"Kinaiba."

"Kinaiba!"

"Ndiyo."

Suzan akajinyoosha. "Mpenzi wangu, hii ni kasino. Siwezi kuweka mwizi mlangoni. Wageni watadhani ni tangazo letu."

Hakuna aliyecheka.

"Futa kidole tu," akasema Suzan kwa upole. "Kidole kimoja! Ukifuta, kazi ni yako leo hii, mtungi huu na mingine yote ya ukumbini. Usipofuta, itabidi nimpe mtu mwingine, na sitaki kumpa mtu mwingine."

Gustave, akiwa bado sakafuni, alihisi faraja ikimpanda kutoka miguuni kama maji ya uvuguvugu. Futa! Futa, Mungu akubariki! Kidole kikiondoka, atabaki shujaa mtupu mlangoni mwa kasino, wa mgongo mzuri na joho la kupendeza. Wateja wake wangepiga picha kando ya mtungi. Asingelazimika hata kujisifu. Angesema tu, kwa unyenyekevu wa kujifunza mbele ya kioo: "Eh, nadhani ni mimi yule."

Victoire akachukua kitambaa. Akakisogeza kwenye karatasi. Alikuwa anahitaji kazi ile. Paa la karakana lilivuja juu ya tanuri lake, na mvua ilikuwa haijaanza vizuri. Kitambaa kikafika juu ya mkono wa shujaa. Hapo kikasimama.

Gustave akauona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu anayeambiwa achinje kitu alichokifuga.

"Acha," akasema Gustave.

Wote wakamgeukia. Hata yeye alishangaa.

"Kiache kidole," akasema, akinyanyuka kwa kushikilia fimbo ya pazia. "Dada Suzan, mimi nimekaa hapa wiki nyingi nikijifanya shujaa. Nimebana tumbo. Nimejipaka mafuta. Mgongo huo mzuri ni wa Victoire, ameutunga, mimi sina mgongo kama huo. Kwenye picha hiyo yote, kitu changu cha kweli ni kidole."

"Wewe ni nani, baba?" akauliza Suzan.

"Mimi ndiye mwizi."

Suzan akamkagua kutoka ufagio wa kichwani hadi kucha za miguu. Pembe ya mdomo wake ikatikisika.

"Eish," akasema. "Ngojeni niwapigie wakubwa. Siahidi kitu." Akatoka na simu yake, akateremka ngazi kidogo kutafuta mtandao.

Pitchou akaokota suruali yake. "Nashuka kwangu," akasema. "Nachemsha ile chai tuliyokuwa tunachezea." Mlangoni akamgeukia Gustave, akamwinamia kidogo, bila mzaha. Kisha viatu vyake vikasikika kwenye ngazi, vikaishia.

Wakabaki wawili na mchoro.

"Victoire," akaanza Gustave.

"Siongei na gizeri," akasema Victoire. "Vua kwanza hiyo kofia."

Gustave akaivuta. Haikutoka. Akaivuta kwa mikono miwili. Masikio yakagoma. Victoire akaja, akashika kishungi, akavuta. Gustave akalia kama mbuzi. Ikabidi akalishwe karibu na sinki, amiminiwe maji na sabuni ya kufulia shingoni, na Victoire aweke mguu wake begani mwa shujaa ili apate nguvu. Kofia ikatoka kwa mlio wa kizibo. Ufagio ukabaki mkononi mwa Victoire.

Gustave akakaa pale, masikio mekundu, povu kwenye nyusi, kipara chake chote mbele ya dunia. Hakuna alichokuwa amebakiza cha kuficha. Ilikuwa namna fulani ya kupumzika.

"Nakupenda," akasema. "Tangu ulipokuja kupima mapazia. Nilikuwa na hotuba nzima, ndefu, yenye Kifaransa ndani. Nimeisahau."

"Afadhali," akasema Victoire. "Ukisema sana unadanganya. Nimekujua kwa hilo." Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribiana. "Mbona hukusema siku zote hizo, Gustave?"

Alimwita Gustave. Papa alikuwa ameondoka, na hakuna aliyemsikia akiondoka.

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ukaona afadhali mbuzi ajibu kwa niaba yangu."

"Ndiyo," akasema Gustave. "Ukiisema hivyo, ndiyo."

Victoire akamfuta povu kwenye jicho kwa kidole gumba. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa na kitu kizito zaidi ya tabasamu. Akavuta pumzi ya kujibu.

Mlango ukagonga ukuta. Suzan akarudi. Ile pembe ya mdomo iliyokuwa ikitikisika ilikuwa imekufa kabisa.

"Victoire. Ule mtungi wako mdogo, wenye mabibi wawili wanaocheza vifupa. Uliupeleka wapi?"

"Dukani, Kensington. Duka la vitu vya zamani, kabla ya Krismasi. Wakauuza. Kwa nini?"

"Aliyeununua aliuziwa mtungi wa Wagiriki wenyewe. Amekwenda kuukatia bima, wataalamu wameupima, wameona udongo ni wa mwaka jana. Mwenye duka anaapa hakumdanganya mtu. Anasema mnunuzi alihakikishiwa na bwana aliyeuleta, mtu msomi, profesa. Wakubwa zangu wamekwishapata habari. Wanasema hakuna kununua hata kikombe kutoka kwako."

"Profesa gani?" Victoire akasimama. "Mimi sijui profesa yeyote!"

"Mnunuzi alimrekodi kwa simu. Wamenitumia."

Suzan akabonyeza.

Gustave aliitambua sauti kabla picha haijafunguka. Ilikuwa yake mwenyewe, nzuri, nene, yenye kujiamini. "Mtungi huu, bwana," ikasema, "umechimbuliwa ardhini Athene. Una miaka elfu mbili na mia tano. Mimi mwenyewe nilikuwapo."

Alikuwa amebeba mzigo tu! Victoire alikuwa na homa siku ile, naye akajitolea kuupeleka. Mteja mmoja mzee, wa kofia nyeupe, pale dukani akamwuliza habari za mtungi kwa heshima, akimwita bwana, na Gustave akataka kuwa mtu msomi kwa dakika moja tu, halafu aende zake akapande basi.

Victoire aliitazama simu. Kisha akamtazama yeye. Jibu lilikuwa bado mdomoni mwake. Gustave aliliona likirudi ndani, polepole.

"Na huyo mnunuzi yuko wapi sasa?" akauliza Victoire, bila kumwondolea macho.

"Yuko na polisi," akasema Suzan. "Wameniuliza niko wapi. Nikawaambia."

Chini, mlango wa chuma ulilia. Viatu vingi vikaanza kupanda ngazi, na mbele yavyo ikatangulia sauti ya Pitchou, changamfu, ya mtu aliyebeba chai ya watu wote:

"Mukubwa! Kuna wageni wanamuulizia profesa. Nimewaambia hapa hatuna profesa, wakanionyesha picha yako. Nimewaambia uko juu!"